Magendo: Maana na Asili ya Neno

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yatajayo tendo la siri, hapana hata moja lililopewa kazi kubwa kuliko neno magendo. Limetamkwa katika mahakama na kutangazwa katika redio. Limewekwa katika anwani za makala zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tena limewafuata watu mpaka gerezani. Hata hivyo kamusi hulieleza kwa ufupi tu, kwamba ni biashara ifanywayo kinyume cha sheria. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, maana yaanzia mwisho wa historia ya neno na kuuacha mwanzo wake. Makusudi ya makala haya ni kulifuata neno hili tangu katika shina lake mpaka hapo lilipofika, na kuonyesha namna neno lililokuwa la mwendo lilivyogeuzwa kuwa neno la hatia.

Mahali pa kulifuatia patakuwa hasa ni Chato, katika ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria. Nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Biharamulo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Mwaka 2012 ikatolewa Kagera ikatiwa katika mkoa mpya wa Geita. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, humo hukutana lugha zilizo na njia mbalimbali za kulitaja tendo la kwenda, na tendo hilo, kama itakavyoonekana, ndilo chimbuko la neno linalochunguzwa. Pili, kahawa, pamba, samaki na dhahabu, yaani mali nne zilizolipa neno magendo nguvu zake katika nchi za maziwa, zote zimepita katika nchi hiyo au kando yake.

I. Maneno ya siri na mafungu yake

Kabla ya kulitazama neno lenyewe, yafaa kuwatazama majirani zake. Maneno ya Kiswahili yahusuyo siri yaweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la maneno yatajayo jinsi mwili unavyokwenda: nyata, nyatia, nyapa, nyemelea, tambaa. Paka humnyemelea panya, na mwindaji humnyatia mnyama huku akiangalia upepo usipeleke harufu yake mbele. Maneno haya hayana lawama ndani yake. Mama anyataye ili asimwamshe mtoto hafanyi kosa lo lote, na mwindaji ajuaye kunyatia husifiwa kwa ustadi wake. Wahenga nao walisema kwamba mwenda pole hajikwai, wala hawakumtuhumu mwenda pole kuwa ana jambo analolificha.

Fungu la pili hutaja hali au mahali: kimyakimya, chinichini, faraghani, kwa siri. Siri na faragha ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo yaweza hata kuwa ya heshima, kwani mganga huitunza siri ya mgonjwa wake, na wazee hukaa faraghani wapate kulikata shauri zito. Katika fungu hili maana njema na maana mbaya hutegemea habari yenyewe.

Fungu la tatu hulitaja kosa waziwazi: wizi, ulanguzi, ujangili. Hapa lawama haitoki nje ya neno. Ndiyo maana yenyewe. Lakini hata katika fungu hili mipaka hupitika. Mtu husemwa kuwa ametazama kwa kuibia hali hakuchukua kitu cha mtu. Neno la wizi limeazimwa ili kutaja tendo la kificho tu.

Magendo, kwa matumizi ya leo, limo katika fungu la tatu. Linalodaiwa hapa ni kwamba halikuzaliwa humo. Lilizaliwa katika fungu la kwanza, miongoni mwa maneno ya mwendo, kisha likahamishwa. Na kilicholihamisha ni sheria, wala si mabadiliko ya tendo lenyewe.

Uhamisho wa namna hii haukutokea kwa Kiswahili peke yake. Neno la Kiingereza stealth, litumikalo kwa tendo la kwenda bila kuonekana, latoka katika kitenzi steal, kuiba, na zamani lilikuwa na maana ya wizi hasa. Hilo limetoka katika kosa kwenda katika mwendo. Neno sneak, lililoanza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16, na Shakespeare akiwa mmoja wa waliolitumia mapema, huhusishwa na kitenzi cha kale cha kutambaa. Smuggle nalo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17 kutoka lugha za watu wa pwani ya Ujerumani ya kaskazini na Uholanzi, na wataalamu hulifungamanisha na kitenzi cha kutambaa na kupenya. Waitalia walichukua njia nyingine: walisema contrabbando, yaani kinyume cha tangazo, na Wafaransa wakalipokea neno hilo kwao.

Basi ziko njia mbili za kulipa jina tendo hili. Moja hulitaja kwa amri iliyovunjwa. Nyingine hulitaja kwa hatua za miguu ya mvunjaji. Kiswahili kilifuata hii ya pili.

II. Shina na sura yake

Umbo la neno magendo ni la kawaida kabisa. Kama vile pata hutoa mapato, uza mauzo, pita mapito na soma masomo, ndivyo genda inavyotoa magendo. Maana yake ya asili, kwa kufuata umbo, ni mienendo ya kwenda na kurudi, au safari nyingi zilizohesabiwa pamoja. Kwa sababu hiyo neno halina umoja. Hapana gendo moja. Safari moja si magendo. Ni ile kurudiarudia iliyolizaa jina.

Shina lenyewe ni la kale. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelihesabu miongoni mwa mashina ya lugha mama, kwa umbo la -gend-, na kwa maana ya kwenda, kutembea au kusafiri. Limebaki na sauti zake katika lugha nyingi za nchi za maziwa. Waganda na Wahaya husema okugenda. Wanyarwanda na Warundi husema kugenda. Safari ni olugendo kwa Kiganda, urugendo kwa Kinyarwanda, na rugendo hata kwa Kikuyu kilicho mbali na ziwa. Kizinza, lugha ya wenyeji wa Chato, ni ndugu wa karibu wa Kihaya, na katika Kizinza pia kwenda ni kugenda.

Kiswahili, kwa upande wake, kiliipoteza sauti g katika shina hili. Kwenda, mwendo, mwenendo, endesha, endelea na maendeleo, yote ni matoleo ya shina lile lile, na yote yamekosa g. Mtu aweza kupinga akisema kwamba g ya kale haikupotea kila mahali katika Kiswahili, kwani mganga, mgeni na gawa yamebaki nayo. Pingamizi hilo ni la haki, nalo laonyesha kwamba sauti peke yake haiwezi kuikata hukumu. Lakini mganga na mgeni ni mashina mengine, yenye sura moja tu katika lugha. Shina la kwenda lina sura mbili: watoto wake wengi hawana g, na mmoja tu anayo. Mtoto mmoja akitofautiana na nduguze wote, yumkini kuwa alilelewa katika nyumba nyingine.

Jambo hili lajulikana katika lugha nyingi. Kiingereza kina shirt na skirt, maneno mawili ya shina moja: la kwanza ni la Kiingereza cha kale, la pili lililetwa na watu wa Skandinavia; nayo leo hutaja mavazi mawili tofauti, wala msemaji wa kawaida hatambui undugu wao. Ndivyo ilivyo kwa mwendo na magendo. Dalili zote mbili, yaani sauti iliyotunzwa na upweke wa neno hilo kati ya nduguze, zaelekeza katika lugha za Kibantu zilizoitunza g, na katika njia za biashara zilizouunganisha Uswahili na nchi hizo.

Hapo ndipo masikio ya watu wa Chato yanapofaa kusikilizwa. Mzinza anaposikia neno magendo, asikia ndani yake kitenzi chake cha kila siku. Msukuma hasikii hivyo, kwa sababu katika Kisukuma kwenda ni kuja. Kitenzi ambacho kwa Kiswahili humleta mtu karibu, kwa Kisukuma humpeleka mbali. Wasukuma wengi walihamia katika nchi za Geita na jirani zake katika karne ya 20, hasa baada ya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, ukafyekwa msitu wenye mbung'o na watu wakapata nafasi ya kulima na kufuga. Katika soko la Buseresere au la Muganza, basi, neno moja la Kiswahili lapokewa na masikio ya namna mbili: kwa mmoja li wazi, lasema kwenda, kwa mwingine limefumbwa, halisemi ila hatia. Kamusi imewafuata walio katika hali ya pili.

Tena yafaa kuangalia undugu mmoja ambao haukosi kumshangaza mwenye kuupima. Maendeleo na magendo ni maneno ya shina moja. Kwa la kwanza, serikali za nchi huru zililitaja tumaini lao kubwa. Kwa la pili, zilitaja aibu iliyolizuia tumaini hilo. Yote mawili asili yake ni kwenda tu. Tofauti ni kwamba mwendo wa kwanza ulikuwa na kibali.

III. Njia kabla ya mpaka

Nchi ya Buzinza ilikuwa na njia kabla ya kuwa na forodha. Warongo, mafundi wa chuma waliokaa katika misitu ya Geita na Chato, waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, na majembe hayo yalipelekwa Usukuma yakabadilishwa kwa mifugo na vyakula. Jembe halikuwa chombo cha shamba tu. Lilikuwa mahari, tena lilikuwa kama fedha. Kwa mitumbwi, Wakerewe na wengineo walivusha bidhaa toka ufuko hata ufuko. Mwanahistoria Gerald Hartwig aliionyesha habari hii mwaka 1970, alipoandika juu ya ziwa hilo kama njia ya biashara katika karne ya 19. Katika siku hizo mwenye kubeba majembe usiku alikuwa akiogopa chui na wanyang'anyi, wala hakuwa na sababu ya kumwogopa karani.

Mpaka uliwekwa na watu waliokuwa mbali na ziwa. Kwa mapatano ya mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwa kuufuata mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari ukakata maji, kaskazini ukawa wa Waingereza na kusini, pamoja na Chato, ukawa wa Wajerumani. Mawimbi hayana alama. Mvuvi aliyeufuata mkumbo wa samaki aliweza kuwa mgeni katika nchi nyingine bila ya kuligeuza kasia lake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zikawa chini ya Waingereza, na Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunganishwa katika ushuru mmoja wa forodha. Mstari wa ziwani ukapoteza ukali wake kwa muda. Lakini mpaka wa namna nyingine ulikuwa ukitengenezwa nchi kavu: mpaka kati ya mkulima na mnunuzi asiyeruhusiwa. Pamba ya Usukuma na Geita ilikusanywa na vyama vya ushirika, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, makao yake Mwanza. Ushirika huo uliwatoa wakulima mikononi mwa wanunuzi waliowapunja katika mizani, na sifa yake hiyo haikanushiki. Lakini zao lilipokwisha kuwa na mnunuzi mmoja tu kwa mujibu wa sheria, kila mwendo mwingine wa zao hilo ukawa na shaka. Gunia lile lile, begani mwa mtu yule yule, likawa halali kwa njia ya kushoto na haramu kwa njia ya kulia.

IV. Neno lavuka lugha

Miaka ya 1970 ndiyo iliyolipeleka neno magendo mbali. Katika Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na maduka yao yakagawiwa watu wengine. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika. Kahawa ilipaswa kuuzwa kwa bodi ya serikali kwa bei ndogo, na huku bei ya dunia ikapanda sana baada ya jalidi kuiunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975. Kahawa ikatoka Uganda kwa mitumbwi na kwa miguu kwenda Kenya, Rwanda na Zaire. Huko Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda, likaota soko zima kwa ajili yake. Serikali ya Amin iliweka mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi mwaka 1975, na baadaye ikaunda kikosi cha kuzuia magendo ziwani, kilichoongozwa na Mwingereza Bob Astles.

Waganda, ambao lugha yao inalo shina -genda, walilipokea neno la Kiswahili kana kwamba ni mtoto aliyerudi nyumbani. Likakaa pamoja na msemo mwingine wa Kiswahili cha huko, mafuta mingi, waliloitwa matajiri wapya waliopewa maduka. Msarifu atasema yafaa kuwa mafuta mengi. Lakini kosa hilo lenyewe ni ushahidi kwamba Kiswahili hicho kilikuwa cha kambi za askari na cha sokoni, wala si cha darasani.

Toka hapo neno liliingia katika vitabu vya wataalamu. Mwaka 1981 Reginald Herbold Green aliandika makala juu ya uchumi wa Uganda, na mwaka 1983 Nelson Kasfir aliandika nyingine. Wote wawili walilitia neno magendo katika anwani za Kiingereza bila ya kulitafsiri. Hawakukosa maneno ya kwao. Yaonekana waliona kwamba smuggle hutaja kuvusha mpaka tu, na hali magendo ya Uganda yalikuwa zaidi ya hayo: yalikuwa ni utaratibu mzima wa kupata chakula, kazi na cheo nje ya utaratibu wa serikali. Neno la Kiswahili lilikuwa pana vya kutosha kuubeba utaratibu huo, kwa sababu ndani yake bado mlikuwa na maana ya kale ya kwendakwenda.

Pwani nako neno lilikuwa na kazi yake. Karafuu za Unguja na Pemba zilinunuliwa na shirika la serikali peke yake, na zilizovushwa usiku kwenda pwani ya Kenya ziliitwa karafuu za magendo. Serikali ya Zanzibar ilipompandishia mkulima bei mwaka 2011, pamoja na kuongeza ulinzi, ilikiri kwa vitendo jambo ambalo neno halilisemi: kwamba chanzo cha magendo hukaa katika mizani kabla ya kukaa katika moyo wa mtu.

V. Toka mwendo hata hujuma

Katika Tanzania jambo kubwa lilitokea mwaka 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa. Vita na Amin, vya 1978 na 1979, vilikuwa vimeimaliza hazina ya nchi. Bidhaa zilipatikana kwa foleni, au kwa kile kilichoitwa bei ya kuruka. Msemo huu nao ni wa mwendo: bei iliacha kutembea, ikaruka.

Chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine ilianza kampeni ya kuwakamata walanguzi na wafanya magendo. Sheria mahsusi ikatungwa mwaka huo wa 1983, ikaunda baraza la kuwahukumu. Mshtakiwa hakupewa dhamana, hakuruhusiwa kuwa na wakili, wala hakuwa na rufani. Watu wengi walikamatwa, na wengine waliitupa mali yao porini na mitoni kwa hofu. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, ikatungwa nyingine, Na. 13 ya mwaka huo, iliyowarudisha mawakili na kuzipeleka kesi hizo katika Mahakama Kuu.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo la kuangaliwa ni jina la kosa. Sheria haikusema magendo. Ilisema kuhujumu uchumi. Kuhujumu latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kushambulia. Basi katika mwaka mmoja mtu aliyeitwa kwa jina la miguu yake akaitwa kwa jina la silaha ambayo hakuwa nayo. Katika lugha ya mitaani alikuwa mwenda njia. Katika lugha ya mashtaka akawa adui aliyevamia. Walikuwako hakika matajiri waliozificha shehena za bidhaa na huku wagonjwa wakikosa sabuni, na hao jina la hujuma huenda liliwafaa. Lakini jina lile lile liliweza kumwangukia pia mwenye mabunda machache ya vitenge aliyoyavusha ili anunue dawa. Neno magendo, pamoja na ubaya wake, lilikuwa likipima: lilisema ni safari, tena ni ya siri. Neno hujuma halikupima kitu.

Walioifanya kazi hiyo, kwa upande wao, hawajalipenda hata neno magendo. Husema kuvusha mzigo, husema njia za panya. Katika migodi ya almasi ya Mwadui, iliyoanzishwa na John Williamson tangu 1940, waingiao usiku kuchimba mchanga wa wenyewe wameitwa wabeshi. Kila kundi hutafuta jina lisilo na lawama, na kila jina, likisikika sana na askari, huchakaa na kuwa la lawama. Yaelekea magendo lenyewe lilikuwa jina la namna hiyo hapo mwanzo: namna ya adabu ya kusema kwamba fulani hayupo, amekwenda kidogo.

VI. Ushahidi wa dhahabu

Jambo linalolithibitisha dai la makala haya kuliko mengine yote lilitokea karibuni, tena katika nchi hiyo hiyo ya dhahabu. Mgodi wa Geita wa zama za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini kati ya miaka hiyo, na baada yake, wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba maduara yao, toka Geita hata Chato. Dhahabu ni mali ndogo yenye thamani kubwa, na hakuna kitu kifaacho zaidi kwa mwenda kimya: kipande kisichoijaza kiganja chaweza kuwa mavuno ya mwezi mzima.

Kuanzia mwaka 1990 hivi, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kuinunua dhahabu ya wachimbaji hao kwa bei iliyokaribia ile ya soko la siri, dhahabu nyingi ilitokea ghafula mbele ya macho ya serikali. Ununuzi ulipolegea, ikatoweka tena. Kisha, tarehe 22 Januari 2019, Rais John Pombe Magufuli, aliyekuwa mzaliwa wa Chato, alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam akasikiliza malalamiko yao. Mwezi uliofuata walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, wakabakiwa na mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mbalimbali.

Tazama basi lililompata mtu mmoja wa mfano, mnunuzi mdogo atokaye katika maduara ya Chato na kipande chake mfukoni. Mwaka 2018, akishika njia ya kuukwepa ushuru, safari yake iliitwa magendo. Mwaka 2019, akiingia sokoni Geita, safari hiyo iliitwa mauzo. Dhahabu ni ile ile, barabara ya Bwanga au Katoro ni ile ile, na hatua za miguu ni zile zile. Kilichobadilika ni asilimia, na asilimia ikalibadilisha neno.

Ziwani mambo hayo yaenda kinyume. Sangara, aliyetiwa katika ziwa katika miaka ya 1950 na 1960, alifanya miji ya wavuvi ikue katika mialo kama Kasenda. Nyama yake ikikaushwa kwa chumvi huitwa kayabo, nayo husafirishwa mpaka Kongo; mabondo yake huuzwa kwa bei kubwa katika masoko ya Asia. Hayo ni mali ambayo babu wa mvuvi hakuwa na neno la kuyaita, wala mwendo wake haukukatazwa na mtu. Kila kilipopata bei, kilipata kibali na ushuru. Na kila kilipopata ushuru, kilipata magendo yake. Mwaka 2018 operesheni iliyoitwa Sangara ilipita katika mialo ikikamata nyavu zilizokatazwa pamoja na samaki wasioruhusiwa. Hapana budi kukiri kwamba ziwa lisilolindwa litakwisha, na kwamba mlinzi wa samaki wachanga huwalinda pia wavuvi wasiozaliwa bado. Lakini hilo ni jambo la hekima ya sheria. Kwa upande wa lugha ni dhahiri kwamba neno lilingoja sheria ifike, ndipo likafika.

VII. Neno kwa watunga kamusi

Mambo matatu yaweza kushikwa katika habari hii. La kwanza, magendo ni neno la mwendo, la shina lile lile la mwendo, mwenendo na maendeleo, nalo lina sura ya neno lililopita katika lugha zilizoitunza sauti g. La pili, maana yake ya hatia haikutoka ndani ya shina. Ililetwa na mipaka, bodi na ushuru, nayo husogea kila vitu hivyo visogeapo. La tatu, katika mwaka 1983 lilisimamishwa kando ya neno la vita, na tangu hapo hayo mawili yamekuwa yakitumika kama kwamba ni neno moja, hali hayalingani kwa asili wala kwa uzito.

Kwa hiyo yafaa watungao kamusi walipange upya neno hili. Maelezo yaanze kwa shina na maana ya kwendakwenda. Yafuatiwe na maana ya usafirishaji wa bidhaa kwa siri ili kuepuka amri au ushuru uliowekwa. Na amri hiyo itajwe kuwa sehemu ya maana, si jambo la pembeni. Uhujumu ulikaribishwe mbali, katika mahali pake penyewe. Upangaji huu hautamfanya mwenye kosa kuwa mwema, wala kamusi haina mamlaka hayo. Lakini hakimu, mwalimu na mwandishi wa magazeti, wote huifungua kamusi. Na akiletwa mbele yao mtu wa Chato aliyekamatwa njiani usiku na mzigo wake, ni haki wajue kwamba neno wanalomwitia lilikuwa, kabla ya kuwa mashtaka, jina la safari tu.